Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Safari ya Soka ya Victor Wanyama

Jina la Victor Wanyama likitajwa kijiweni, maswali huwa ni yaleyale: alikuwa bora kweli au ni uzalendo tu wa Wakenya, goti lilimfanya nini, na ule mtaa wa Dar es Salaam uliishia wapi. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale ya pembeni. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji ataelekezwa kwenye jibu husika.

## Chimbuko na nafasi yake uwanjani

Victor Wanyama ni nani?

Victor Mugubi Wanyama ni mchezaji wa Kenya aliyezaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1991. Alicheza kama kiungo mkabaji katika klabu za Germinal Beerschot ya Ubelgiji, Celtic ya Scotland, Southampton na Tottenham Hotspur za England, na Montréal ya Kanada. Kwa miaka mingi alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars. Ndiye Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England na Mkenya wa kwanza kufunga bao katika Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Kiungo mkabaji hufanya kazi gani hasa, na kwa nini hakuwa mfungaji wa mabao mengi?

Swali hili lazima lijibiwe mapema, kwa sababu anayehesabu mabao peke yake hatauelewa mchezo wa Wanyama. Kiungo mkabaji, ambaye wengi wetu tunamwita namba sita, husimama mbele ya mabeki wa kati na kuziba njia ambayo wapinzani wangependa kuipitia. Kazi yake ni kuusoma mpira kabla haujafika, kumbana mchezeshaji wa upande wa pili, kupora mpira, na kisha kutoa pasi fupi na salama kwa mwenzake mwenye ubunifu zaidi. Beki wa pembeni akipanda, yeye ndiye anayeangalia pengo lililoachwa. Akifanya kazi hiyo vizuri, mtazamaji anaweza kumaliza dakika 90 bila kukumbuka hata tukio lake moja, kwa kuwa shambulizi ambalo lingekumbukwa halikutokea.

Wanyama alikuwa na mwili uliofaa kwa kazi hiyo: mrefu, mpana wa mabega, hodari wa mipira ya juu na mgumu kusukumwa. Alikuwa pia na shuti zito la mbali, ambalo hakulitumia mara nyingi, na ndiyo maana mabao yake machache yanakumbukwa moja moja.

Alianzia soka wapi?

Alilelewa Nairobi katika nyumba ya wanamichezo. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, na dada yake Mercy ni mchezaji wa mpira wa kikapu. Victor alisoma Shule ya Sekondari ya Kamukunji, akapitia chuo cha soka cha JMJ, kisha Nairobi City Stars na AFC Leopards. Akiwa bado kijana mdogo alikwenda Helsingborg, Uswidi, ambako kaka yake alikuwa akicheza, na kaka huyo alipohamia Italia yeye akarejea Kenya. Mwaka 2008 alirudi tena Ulaya, safari hii Ubelgiji, kujiunga na Germinal Beerschot.

Je, McDonald Mariga ni kaka yake wa damu? Mbona majina hayafanani?

Ndiyo, ni ndugu wa damu. Jina kamili la kaka huyo ni McDonald Mariga Wanyama, na kilichotokea ni kwamba mmoja alijulikana kwa jina la ukoo huku mwingine akijulikana kwa jina la katikati, jambo la kawaida kabisa katika familia zetu. Mariga, aliyezaliwa mwaka 1987, naye alikuwa kiungo, na mwaka 2010 alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa ligi, kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa katika msimu mmoja. Baada ya soka aliingia katika siasa, akagombea kiti cha ubunge cha Kibra, Nairobi, katika uchaguzi mdogo wa Novemba 2019 na kushindwa. Tangu Desemba 2024 ni makamu wa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya.

## Celtic, 2011 hadi 2013

Celtic ilimnunua kwa kiasi gani, na kwa nini alivaa namba 67?

Alisajiliwa Julai 2011 kwa ada iliyotajwa kuwa pauni 900,000, chini ya kocha Neil Lennon. Namba 67 ilikuwa heshima kwa kikosi cha Celtic kilichotwaa Kombe la Ulaya mjini Lisbon mwaka 1967, klabu ya kwanza ya Uingereza kufanya hivyo. Kijana wa miaka 20 kutoka Nairobi kuvaa namba hiyo mgongoni ilikuwa ni kujitwisha mzigo, na mashabiki wa Glasgow walimpenda kwa ajili hiyo hata kabla hajazoea baridi yao.

Katika misimu miwili alitwaa ubingwa wa ligi mara mbili, 2012 na 2013, pamoja na Kombe la Scotland mwaka 2013. Mara kadhaa Lennon alimpanga kama beki wa kati, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba anaweza kucheza akiutazama uwanja wote mbele yake.

Bao dhidi ya Barcelona lilipatikanaje?

Ilikuwa tarehe 7 Novemba 2012 katika uwanja wa Celtic Park, siku moja baada ya klabu hiyo kutimiza miaka 125. Barcelona ya Messi, Xavi na Iniesta iliumiliki mpira karibu usiku mzima. Dakika ya 21 Celtic walipata kona upande wa kushoto. Charlie Mulgrew akaupiga mpira ukiwa na mzunguko, ukapita juu ya vichwa vyote vya karibu na kushuka kwenye mlingoti wa mbali. Huko Wanyama alikuwa amesimama na Jordi Alba, mmoja wa wachezaji wafupi kabisa wa Barcelona. Aliruka, akaonekana kama anayening'inia hewani, akaupiga kichwa kuelekea chini, na Víctor Valdés akabaki bila la kufanya.

Tony Watt aliongeza bao la pili dakika ya 83, Messi akarudisha moja katika muda wa nyongeza, na mechi ikaisha 2-1. Matokeo hayo yaliisaidia Celtic kuvuka kundi na kuingia 16 bora, ambako walitolewa na Juventus. Kwa Mkenya aliyekesha mbele ya televisheni usiku ule, kwa maana saa za Nairobi mechi iliisha karibu na saa sita na nusu, lile halikuwa bao la kawaida, na nadhani hakuna tukio jingine la soka la Kenya nje ya nchi lililosimuliwa mara nyingi kiasi hicho.

## England: Southampton na Tottenham

Je, ni kweli kwamba Mariga angekuwa wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England?

Alikaribia sana. Mapema mwaka 2010 Manchester City walikuwa wamekwisha kukubaliana na Parma, lakini kibali cha kazi kilikataliwa, na dirisha la usajili lilipokuwa linafungwa Mariga akaenda Inter. Sheria ya wakati huo ilimtaka mchezaji kutoka nje ya Umoja wa Ulaya awe amecheza angalau asilimia 75 ya mechi rasmi za timu yake ya taifa katika miaka miwili iliyotangulia, na timu hiyo iwe na wastani usiopungua nafasi ya 70 katika orodha ya FIFA. Kenya haikuwa katika kiwango hicho.

Jambo hili linafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu linaeleza kwa nini wachezaji wa Afrika Mashariki katika ligi hiyo walikuwa wachache mno. Mchezaji aliadhibiwa kwa udhaifu wa shirikisho lake. Njia pekee iliyobaki ilikuwa rufaa mbele ya jopo, ambako klabu ilitakiwa kuthibitisha kwamba mhusika ana kipaji cha pekee. Baadaye England iliubadilisha mfumo huo, na sasa hutumia pointi zinazohesabu pia uzito wa ligi na mashindano ambayo mchezaji ametoka. Kwa upande wa Mariga, kukataliwa huko kuligeuka kuwa neema, kwani miezi michache baadaye alikuwa bingwa wa Ulaya.

Wanyama alijiunga na Southampton lini, na alifanya nini huko?

Alihamia Julai 2013 kwa pauni milioni 12.5, kiasi ambacho wakati huo kilikuwa rekodi kwa mchezaji aliyeuzwa na klabu ya Scotland. Celtic, kwa maneno mengine, walimuuza kwa zaidi ya mara 13 ya bei waliyomnunulia. Kocha wake wa kwanza alikuwa Mauricio Pochettino, na baada yake Ronald Koeman.

Alikaa misimu mitatu. Bao la kukumbukwa zaidi ni lile la tarehe 1 Novemba 2014 dhidi ya Hull City: dakika ya tatu tu, kipa aliutoa mpira vibaya, ukamfikia Wanyama akiwa mbali kabisa na lango, naye akaupiga moja kwa moja hadi wavuni. Mechi iliisha 1-0.

Kwa nini alipata kadi nyekundu nyingi?

Sifa hiyo inatokana zaidi na msimu wa 2015/16, ambapo alitolewa uwanjani mara tatu. Ya tatu, dhidi ya West Ham mwezi Februari 2016, ilimletea adhabu ya kukosa mechi tano. Mabadiliko yaliyofuata yanastahili kutajwa pia, kwani katika msimu wake wa kwanza Tottenham hakupata kadi nyekundu katika ligi, ingawa alicheza karibu mechi zote. Mkabaji huishi kwenye ukingo huo: akichelewa nusu hatua, mpira uliokuwa wa kuporwa unageuka kuwa mguu wa mtu. Kukaa mahali sahihi kunampunguzia haja ya kupora mpira kwa kuteleza chini, na hilo ndilo alilojifunza.

Msimu wake bora ulikuwa upi?

Ni 2016/17, bila shaka yoyote. Pochettino, aliyekuwa amehamia Tottenham, alimfuata Southampton na kumsajili Juni 2016 kwa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 11. Wanyama alicheza mechi 36 za ligi na kufunga mabao manne. Bao lake la kwanza liliwapa ushindi wa 1-0 dhidi ya Crystal Palace Agosti 2016.

Akicheza sambamba na Mousa Dembélé, aliwawezesha mabeki wa pembeni, Kyle Walker na Danny Rose, kupanda kama mawinga. Tottenham walimaliza nafasi ya pili wakiwa na pointi 86, hawakupoteza mechi yoyote ya ligi nyumbani, na walifungwa mabao 26 tu, machache kuliko timu nyingine yoyote ya ligi hiyo. Sifa za ulinzi huo walipewa zaidi mabeki Toby Alderweireld na Jan Vertonghen pamoja na kipa Hugo Lloris, nao walistahili. Lakini mtu akirudia kuzitazama mechi hizo leo ataona ni mara ngapi mpira haukuwafikia mabeki kabisa.

Tarehe 14 Mei 2017, katika mechi ya mwisho kuchezwa White Hart Lane kabla ya uwanja huo kubomolewa, Wanyama aliwafunga Manchester United kwa kichwa dakika ya sita, na Tottenham wakashinda 2-1.

Nini kilitokea baada ya hapo? Mbona alipotea ghafla?

Goti. Aliumia Agosti 2017, msimu mpya ukiwa umeanza tu, na akakaa nje kwa miezi kadhaa. Aliporudi hakuwa tena na uhakika wa namba, na maumivu yalikuwa yakimrejea. Mchezaji anayetegemea kugongana, kugeuka ghafla na kuruka mara kumi kwa mechi huathirika na goti bovu kuliko anayecheza kwa akili ya pasi peke yake. Wapo wanaodai kwamba alilewa sifa. Mimi sioni ushahidi wa hilo, na mpangilio wa matukio unaonyesha jeraha kwanza, kisha benchi.

Lakini hakufunga lile bao la Anfield, uwanja wa Liverpool, baada ya kuumia?

Alifunga, na ndiyo maana linauma kulitazama. Tarehe 4 Februari 2018 Liverpool walikuwa wakiongoza 1-0. Wanyama aliingia dakika ya 79 kuchukua nafasi ya Dembélé. Muda mfupi baadaye Christian Eriksen alipiga krosi, kipa Loris Karius akaipangua kwa ngumi, mpira ukadondoka nje ya eneo la hatari. Wanyama hakuutuliza. Aliufuata kwa hatua ndefu na kuupiga kwa mguu wa kulia, nao ukapanda moja kwa moja hadi kona ya juu, kwa kasi ambayo Karius hakuwahi kuijibu. Mechi iliisha 2-2 baada ya Harry Kane kukosa penalti moja na kufunga nyingine. Bao hilo lilichaguliwa kuwa bora la mwezi katika Ligi Kuu.

Je, alicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2019?

Hapana. Alianza katika mechi zote mbili za nusu fainali dhidi ya Ajax, lakini katika ile ya marudiano Amsterdam, Tottenham wakiwa nyuma 2-0, alitolewa wakati wa mapumziko na nafasi yake ikachukuliwa na Fernando Llorente. Lucas Moura akafunga mabao matatu na timu ikavuka. Fainalini, tarehe 1 Juni 2019, Wanyama alikuwa benchi kwa dakika zote na Liverpool wakashinda 2-0.

Kuna jambo ambalo wachache hulitaja: mechi hiyo ilichezwa Madrid, na fainali ya 2010, ambayo Mariga naye aliitazama akiwa benchi la Inter, ilichezwa Madrid pia, katika uwanja mwingine. Ndugu wawili, mji mmoja, miaka tisa tofauti, na hakuna aliyeingia uwanjani.

## Miaka ya mwisho

Alikwenda lini Kanada, na kwa masharti gani?

Mwezi Machi 2020 alijiunga na Montréal, iliyokuwa ikifundishwa na Thierry Henry, akiwa mchezaji huru na katika nafasi ya mchezaji mteule. Ligi ya Marekani na Kanada ina kikomo cha mishahara kwa kila klabu, lakini huruhusu wachezaji wachache kulipwa zaidi ya kikomo hicho, na hao ndio wateule.

Wengi waliona kwamba alikwenda kustaafu, lakini alidumu hadi mwisho wa msimu wa 2024, akatwaa Kombe la Kanada mwaka 2021, na mwaka 2022 alikuwa katika kikosi kilichomaliza cha pili Kanda ya Mashariki kikiwa na pointi 65. Mwaka 2025 alijiunga kwa muda mfupi na Dunfermline Athletic ya Scotland, ambako aliungana tena na Neil Lennon.

## Harambee Stars

Alianza kuichezea Kenya akiwa na umri gani?

Alikuwa na miaka 15, mwezi Mei 2007, dhidi ya Nigeria. Alikabidhiwa unahodha mwaka 2013, na alipoacha alikuwa amecheza zaidi ya mechi 60.

Ilikuwaje katika AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2019 nchini Misri, hasa ile mechi na Tanzania?

Kenya ilikuwa inarejea kwenye fainali hizo kwa mara ya kwanza tangu 2004, na Tanzania kwa mara ya kwanza tangu 1980. Kisha wakapangwa kundi moja, pamoja na Algeria na Senegal. Walipokutana tarehe 27 Juni mjini Cairo, Wanyama alikuwa nahodha upande mmoja na Mbwana Samatta upande wa pili. Simon Msuva alitangulia kufunga, Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, Samatta akajibu dakika moja baadaye. Kipindi cha pili Johanna Omolo na Olunga tena waliigeuza mechi, na Kenya ikashinda 3-2.

Ushindi huo ndio uliokuwa pekee. Kenya ilifungwa 2-0 na Algeria na 3-0 na Senegal, na kuishia hatua ya makundi. Kabla ya kuilaumu timu hiyo ni vyema kukumbuka kwamba hao wawili ndio waliokutana katika fainali.

Alistaafu timu ya taifa lini?

Tarehe 27 Septemba 2021, akiwa na miaka 30. Ilikuwa mwezi uleule ambao Engin Fırat aliteuliwa kuwa kocha. Aliendelea kucheza soka la klabu kwa miaka mingine zaidi ya mitatu, kama ilivyoelezwa katika jibu kuhusu Kanada.

## Maswali ya pembeni

Je, kuna mtaa wa Victor Wanyama Dar es Salaam?

Ulikuwepo kwa muda mfupi sana. Juni 2017, Wanyama akiwa mapumzikoni Tanzania baada ya ule msimu wake bora, viongozi wa Manispaa ya Ubungo walizindua bango lenye jina lake katika mtaa mmoja, naye mwenyewe akiwepo. Watu wengi walilalamika, wakiuliza kwa nini heshima hiyo isiende kwanza kwa Mtanzania kama Samatta, na bango likaondolewa upesi. Hoja ya walalamikaji ilikuwa na uzito, ila inasikitisha kwamba mgeni alikaribishwa mbele ya watu na kisha kuvuliwa heshima kwa haraka namna ile.

Kwa nini watu humtania kuhusu tambi?

Mwaka 2012 aliandika katika Twitter, kwa unyoofu kabisa, kwamba amekula tambi, zilikuwa tamu na amezifurahia. Mashabiki wa Uingereza waliupenda ujumbe huo kiasi kwamba ulimfuata katika kila klabu aliyohamia.

Divock Origi naye ni Mkenya? Kwa nini hakucheza na Wanyama?

Wazazi wa Origi ni Wakenya, na baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars. Divock, hata hivyo, alizaliwa Ostend mwaka 1995, akalelewa katika soka la Ubelgiji na kuichezea nchi hiyo, ikiwemo Kombe la Dunia la 2014; baada ya kucheza mechi rasmi za timu ya wakubwa ya Ubelgiji, kuhamia Kenya hakukuwezekana. Katika ile fainali ya Madrid iliyotajwa hapo juu, bao la pili la Liverpool, dakika ya 87, alilifunga yeye.